Mringaringa katika kihamba: tathmini ya mche, kivuli na mbao yake

Anayenunua mche wa mti kwa ajili ya shamba la mlimani ananunua bidhaa ambayo hataijua vizuri mpaka miaka mingi ipite, na ndiyo maana miche huuzwa kwa maneno matamu ambayo mnunuzi hana njia ya kuyahakiki siku ya kulipa. Mringaringa, ambao wataalamu huuita Cordia africana na ambao maandishi ya zamani huutaja kwa jina la Cordia abyssinica, una wauzaji wengi katika miteremko ya Kilimanjaro, na sifa unazopewa ni zile zile kila mahali: unakua haraka, unafunika mibuni, unarutubisha ardhi, nyuki wanaupenda, mbao yake ni ya samani za heshima na mchwa hawaigusi. Nimeupanda, nimeupogoa, nimeukata na kuupeleka kwa seremala, na hapa nazipima sifa hizo kwa mizani ya mkulima mwenye eneo dogo ambaye kila mti anaoupanda unachukua nafasi ya kitu kingine. Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na muda aondoke nayo: mringaringa ni ununuzi mzuri sana kwa anayetaka kivuli na matandazo sasa na mbao baadaye, lakini kwa anayetaka mbao peke yake na kwa haraka, fedha yake itamfaa zaidi kwingine.

Tuanze na mahali, kwa sababu hata mche bora hauwezi kushinda ardhi isiyoufaa. Mringaringa ni mti wa nyanda za juu za Afrika; unaota kutoka Guinea upande wa magharibi hadi Ethiopia, ambako huitwa wanza, unapatikana Kenya ambako Wakikuyu huuita muringa, na kusini unafika Angola na Zimbabwe. Unastawi kuanzia mita 550 hivi hadi 2,600 juu ya usawa wa bahari, mahali penye mvua ya milimita 700 hadi 2,000 kwa mwaka na udongo wenye kina usiotuamisha maji. Kwa kawaida hufikia mita 10 hadi 15, ingawa penye rutuba hupita hapo na kukaribia 25. Ukanda wa vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachagga) wa Kilimanjaro, ambao kwa makadirio unaanzia mita 1,000 na kupanda hadi 1,900, umo wote ndani ya mipaka hiyo, kwa hiyo suala la kama mti utaota halina uzito kwetu. Mwenye shamba la tambarare, kule chini ambako mvua ni chache na jua ni kali, anapaswa kusita, na mwenye shamba la juu sana linalopata jalidi asipoteze fedha yake, kwa kuwa mti huu hauvumilii jalidi ukiwa mchanga.

Inafaa pia kukumbuka kwamba hatununui kitu kipya. Mringaringa na mruka ni miongoni mwa miti ambayo wazee waliiacha kwa makusudi walipofyeka msitu ili kupata nafasi ya migomba, na baadaye mibuni ikapandwa chini yake, na magimbi na mboga chini ya mibuni. Utaratibu huo wa tabaka juu ya tabaka ndio uliofanya vihamba vya Shimbwe Juu vitambuliwe na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Watafiti waliochunguza vihamba vya mlima huu wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea ndani yake. Nayasema haya kwa sababu baadhi ya wauza miche huutangaza mringaringa kana kwamba ni mti wa kupandwa kwa mistari katika shamba tupu, ilhali thamani yake yote inaonekana pale tu unapokuwa na kitu chini yake.

Sasa mche wenyewe. Tunda la mringaringa likiiva huwa la njano, lina nyama tamu inayonata ambayo watoto na ndege huipenda, na ndani yake mna kokwa gumu. Kokwa hilo linatakiwa kupikichwa ndani ya maji, mara nyingi pamoja na mchanga, mpaka ute wote utoke, kisha lianikwe kabla ya kusiwa. Hata baada ya kazi hiyo, kuota huchukua muda mrefu, aghalabu mwezi mmoja na nusu au miwili, tena miche haichipui yote kwa pamoja. Ucheleweshaji huo ndio chanzo cha udanganyifu mwingi katika biashara hii, kwani mwenye kitalu asiye na subira huona ni rahisi kung'oa maotea chini ya mti mkubwa, kuyatia katika viriba (mifuko ya kuoteshea miche), na kuyauza kabla hayajashika. Maotea si mabaya kwa asili yake. Yakitunzwa kitaluni kwa miezi kadhaa huwa miche ya kawaida kabisa. Ubaya uko katika mzizi mkuu uliokatika wakati wa kung'olewa na kufichwa ndani ya udongo wa jana.

Njia ya kutambua ni nyepesi, na muuzaji mwaminifu hataikataa. Inua mche kwa kushika kiriba, si shina, kisha bonyeza udongo pembeni: ukiwa umeshikwa na mizizi utakuwa imara, na ukiwa umejazwa juzi utamomonyoka. Geuza kiriba utazame chini, kwa maana mizizi iliyojiviringa ni dalili kwamba mche umekaa kitaluni kupita wakati wake, na mti wa namna hiyo huweza kudumaa au kuangushwa na upepo ukiwa mkubwa. Mimi huchagua miche ya sentimita 30 hadi 50 yenye shina moja lililonyooka, na ile mirefu yenye shina jembamba huiacha hata kama bei ni ile ile. Jambo la mwisho, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, ni mti mama. Mringaringa una tabia ya kupinda na kugawanyika matawi chini sana, na ingawa sehemu ya tabia hiyo hutokana na malezi, sehemu nyingine hurithiwa. Kitalu kimoja nilichowahi kununua miche hakikuweza kunieleza mbegu zilitoka wapi, na miti iliyotokana nayo ilihitaji kupogolewa mara nyingi kuliko ile niliyoipata kwa mkulima aliyenionyesha miti mitatu iliyonyooka ambayo aliokota matunda chini yake. Anayetaka mbegu zilizokusanywa kwa utaratibu anaweza kuzitafuta kupitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao ulipokea majukumu ya uliokuwa Wakala wa Mbegu za Miti. Kwa kikundi kinachopanga kupanda miti mingi, njia hiyo ni bora kuliko kuzunguka vitaluni.

Kuhusu upandaji sina mengi ya kusema, kwa kuwa mti huu hauna madai makubwa. Shimo lichimbwe mapema, samadi iliyooza ichanganywe na udongo wa juu, na mche upandwe masika yanapoanza ili mizizi ishuke kabla ya kiangazi. Kwenye mibuni ninapendelea nafasi ya mita 10 hadi 15 kati ya mti na mti, kwa sababu matawi yake hutanuka sana. Jambo moja tu halina mjadala: mche uzungushiwe ua. Majani ya mringaringa ni chakula cha mifugo, na mbuzi aliyefungua kamba jioni moja anaweza kumaliza kazi ya misimu miwili.

Je, unakua haraka? Ndiyo, kwa kiwango cha miti ya asili ya mlimani. Penye udongo mzuri, na hasa kandokando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, ambako unyevu haukatiki, mti mchanga huongeza zaidi ya mita moja kwa mwaka katika miaka ya mwanzo, na baada ya miaka michache tayari unatoa kivuli kinachoonekana. Ukilinganishwa na mgrevilea, hata hivyo, unashindwa kwa kasi na kwa unyoofu, na ukilinganishwa na mkaratusi haufiki hata nusu ya mbio zake. Muuzaji anayesema utavuna mbao baada ya miaka minane anauza ndoto. Gogo lenye kiini cha kutosha kutoa mbao pana linahitaji miaka 20 hadi 30, na hata zaidi kama mti uko mahali penye ushindani.

Kasi hiyo ya mwanzo ina masharti yake, nayo ni panga au msumeno wa kupogolea. Mringaringa ukiachwa wenyewe hugawanyika ukiwa na kimo cha mtu, na kinachopatikana baadaye ni mti mpana wenye gogo fupi, mzuri kwa kivuli lakini usio na faida kwa mpasua mbao. Kuanzia mwaka wa pili ni lazima kuchagua shina moja la kuongoza, kuondoa mashina yanayoshindana nalo, na kupandisha matawi ya chini kidogo kidogo kila mwaka, bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mkupuo mmoja. Kazi hii huchukua dakika chache kwa kila mti, na bado ndiyo inayotenganisha mti wenye gogo la mita nne na mti wa kuni. Laiti wauza miche wangetoa maelezo haya pamoja na mche, malalamiko mengi kuhusu mringaringa yangekwisha.

Nafika sasa kwenye kivuli, na hapa ndipo ninapoutetea mti huu kwa moyo wote. Mibuni ya Kilimanjaro ni arabika, jamii ambayo asili yake ni vichaka vya chini ya miti katika misitu ya Ethiopia, na hadi leo haipendi jua linalopiga moja kwa moja mchana kutwa. Chini ya mringaringa majani ya mbuni hubaki ya kijani iliyokolea, udongo hubaki na unyevu kwa muda mrefu zaidi, na matunda huiva polepole, jambo ambalo huzifanya punje zijae. Kivuli chake si cha giza. Matawi yametawanyika, majani ni mapana lakini hayasongamani, na jua hupenya kwa vipande. Mibuni iliyo chini ya kivuli kizito sana huzaa kidogo na hupata ukungu, na katika hilo mringaringa uliopogolewa vizuri umesimama mahali pa kati ambapo mkulima hahitaji kuuhangaikia kila mwezi.

Kisha kuna suala la kupukutisha majani, ambalo wengine hulitaja kama kasoro. Wakati wa ukame mti huangusha majani yake, na mwenye shamba huona juu kukiwa wazi wakati ule ule ambapo jua limezidi. Malalamiko hayo yana ukweli, hasa katika ukanda wa chini wa vihamba, na ndiyo maana sishauri mringaringa uwe mti pekee wa kivuli. Lakini tazama majani hayo yanakwenda wapi. Yanaanguka juu ya udongo, mapana na mengi, na kutengeneza matandazo ambayo mkulima hakuyalipia usafiri wala kibarua. Tena yanaoza upesi. Jani la mgrevilea hukaa juu ya ardhi kwa muda mrefu likiwa kavu na gumu, wakati jani la mringaringa mvua zikianza huanza kulainika na kuchanganyika na udongo ndani ya muda mfupi. Katika kihamba changu sehemu zilizo chini ya miringaringa ndizo zenye udongo mweusi na laini kuliko zote, na migomba iliyo karibu nayo hutoa mikungu ambayo sihitaji kuieleza kwa mtu anayejua migomba.

Lazima nisahihishe dai moja linalorudiwa sana na wauzaji, kwamba mringaringa huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuiweka ardhini. Haufanyi hivyo. Kazi hiyo hufanywa na miti ya jamii ya kunde kwa msaada wa bakteria walioko kwenye vinundu vya mizizi, na mringaringa si wa jamii hiyo. Rutuba unayoleta inatokana na majani yanayooza, yaani unapandisha virutubisho kutoka chini na kuvirudisha juu. Anayetaka naitrojeni apande mruka, ambao ni wa jamii ya kunde na ambao wazee waliuchanganya na mringaringa bila kufundishwa na mtu yeyote. Kwa maoni yangu mchanganyiko wa miti hiyo miwili ndio bora kuliko yote kwa kahawa ya mlima huu: mmoja unatoa majani mapana ya matandazo na mbao, mwingine unatoa kivuli cha majani madogo na unalisha udongo. Mgrevilea unaweza kukaa mpakani, ambako kimo chake kinasaidia kuzuia upepo, na mkaratusi usikaribishwe ndani ya kihamba kabisa, kwa sababu ya maji unayoyanywa.

Kwa upande wa malisho, majani yake hukatwa na kupewa ng'ombe na mbuzi wanaolishwa zizini, hasa nyasi zinapopungua. Ni chakula cha kujazia, na ninasisitiza neno hilo, kwa sababu kukata majani kila wiki ili kulisha mifugo ni kuua kivuli ulichokisubiri kwa miaka. Ninachokata ni matawi yale ya kupogolewa tu, na hayo hayapotei hata kidogo: majani huenda zizini na vijiti huenda jikoni, ambako huwaka vizuri vikikauka.

Maua yake ni meupe, makubwa, yenye harufu nzuri, na hufunguka kwa wingi kiasi kwamba mti mzima huonekana umevikwa kitambaa cheupe. Nyuki huujia kwa kishindo, na mwenye mizinga karibu ataona tofauti katika uzito wa masega. Mbao yake yenyewe imetumika tangu zamani kuchongea mizinga ya magogo, pamoja na vinu, ngoma na vyombo vya nyumbani, kwa sababu inachongeka kwa urahisi na haipasuki ovyo. Mzinga wa gogo la mringaringa nilionao umekaa nje kwa misimu mingi ya mvua bila kuoza, ingawa nimeufunika juu kwa bati, na sidhani kama ingekuwa haki kuusifu bila kutaja bati hilo.

Tuje kwenye mbao, ambayo ndiyo inayotajwa kwanza kitaluni na ndiyo inayochelewa kuliko yote. Gogo likipasuliwa huonyesha sehemu mbili zilizo wazi: nje kuna mbao nyeupe au ya rangi hafifu, na ndani kuna kiini chenye rangi ya waridi iliyochanganyika na kahawia, ambacho huzidi kuiva kadiri kinavyopata hewa na mwanga. Ubora wote uko kwenye kiini. Mchwa hukiogopa kwa kiasi cha kuridhisha na wadudu watoboao mbao hawakipendi, lakini ile sehemu nyeupe ya nje hutobolewa vibaya sana na haraka. Hivyo ile kauli ya kwamba mchwa hawaigusi mbao ya mringaringa ni nusu ya ukweli, na anayeuziwa ubao wenye ukanda mpana mweupe pembeni amenunua nusu ambayo haikusemwa. Mti uliokatwa ukiwa mchanga una sehemu nyeupe nyingi na kiini kidogo, na hii ndiyo sababu ya msingi ya kutoharakisha kuvuna.

Seremala niliyemkabidhi mbao zangu alizisifu kwa mambo yanayoweza kupimwa. Msumeno hauchomi wala hauchoki, randa huacha uso laini, misumari huingia bila kupasua ubao, gundi hushika, na vanishi ikipakwa mara mbili huleta mng'ao wa ndani ambao mbao ya paini haiwezi kuutoa hata ikipakwa rangi ya kuigiza. Ni mbao nyepesi kwa wastani, kwa hiyo kabati kubwa linaweza kuhamishwa na watu wawili. Nimetengenezewa kabati, meza na milango ya ndani, na baada ya kupita majira ya mvua na ya jua milango inafunga kama ilivyofunga siku ilipotundikwa. Kwa samani za ndani, milango na fremu, naiweka mbele ya paini na saiprasi zinazotoka katika mashamba ya miti ya serikali, ziwe za Sao Hill au za huku huku Kilimanjaro Magharibi. Kwa nguzo za kufukiwa ardhini siishauri, na kwa mihimili ya paa inayobeba uzito mkubwa ninaona ni heri kutumia mbao nzito zaidi, kwa kuwa uzuri wa mringaringa uko katika kuonekana na kuguswa, wala si katika kubeba mzigo.

Matokeo hayo mazuri yanategemea ukaushaji, na hapo wapasuaji wengi wa mbao vijijini hufanya kazi duni. Mbao hupasuliwa asubuhi, hulazwa juani kwa siku chache, kisha huitwa kavu. Mteja anayepokea mbao hizo ataona viungo vya meza vikiachana kabla ya mwaka kwisha, na atalaumu mti. Mbao inatakiwa kupangwa kivulini, juu ya vipande vya kuinulia, ikiwa na vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na ncha zake zipakwe rangi ili zisipasuke kwa kukauka mapema kuliko katikati. Mbao ya mringaringa hukauka haraka na kwa utulivu ikipangwa hivyo. Ya inchi moja nimeiacha kwa miezi kadhaa kabla ya kuigusa, na sikuona sababu ya kujuta. Asiye na banda la kukaushia amwombe seremala ampe nafasi, au anunue kwa mtu anayeweza kumwonyesha rundo lililopangwa, na akikuta rundo lililolazwa chini bila vijiti atafute muuzaji mwingine.

Upatikanaji wa mbao kubwa unazidi kuwa mgumu, na sababu inaeleweka. Ethiopia ilikwenda mbali kiasi cha kuzuia ukataji wa wanza katika misitu ya serikali kupitia sheria yake ya misitu ya mwaka 1994. Kwetu, msitu wa asili wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa hiyo mbao yoyote ya asili inayodaiwa kushushwa kutoka msituni ni ya wizi, na anayeinunua anashiriki kuumaliza mlima unaompa maji. Mringaringa halali ni ule uliopandwa au kutunzwa kihambani, na hata huo haukatwi kiholela. Kabla ya kuangusha mti, fika ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu wa wilaya upate kibali, na mbao zitakaposafirishwa ziwe na hati yake, kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake zinavyotaka. Ni kweli kwamba utaratibu huo unachosha, na mkulima aliyepanda mti kwa mikono yake anaweza kuona anaonewa anapoombwa ruhusa ya kuukata. Pamoja na hayo naunga mkono uwepo wake, kwa kuwa bila karatasi hizo hakuna namna ya kutofautisha gogo la kihamba na gogo la msitu. Ninachoomba ni kwamba kibali cha mti uliopandwa kitolewe kwa wepesi, maana mkulima anayesumbuliwa sana leo atapanda mkaratusi kesho.

Mnunuzi wa miche mwenye eneo dogo nafasi yake inatosha miringaringa minne au mitano kwa kila robo ekari ya mibuni, pamoja na miruka michache, na asipande yote kwa mwaka mmoja. Akiipanda kwa kupishana miaka, kivuli hakitaondoka chote kwa pamoja siku ya kuvuna, na kila baada ya muda kutakuwa na mti mmoja uliokomaa. Siku hiyo ikifika, mti ukatwe chini na kisiki kiachwe kikiwa na uso ulioinama ili maji ya mvua yasituame juu yake, kwani mringaringa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Katika machipukizi yatakayotoka lichaguliwe moja lenye nguvu, lililo karibu na ardhi, na mengine yaondolewe kabla hayajawa magumu. Chipukizi hilo lina mizizi ya mti mzima chini yake, kwa hiyo litapanda kwa kasi kuliko mche wowote utakaonunuliwa kitaluni, na mkulima hatalipa chochote kwa ajili ya mti wa pili.